Eti kanga kwenye kamba hazina mwenyewe? Acheni hizo!

Wadau, ubuyu wa wiki hii mnao tayari. Video mpya ya staa mmoja mkubwa wa Bongo Fleva imetoka, imependeza, na kipande kinachozungumzwa kila kona ni kile cha katikati: kanga zilizolowa zimeanikwa kwenye kamba, juu yake inapigwa picha ya mikono ya mwanamke inafua, na katikati ya kanga wadada sita wanacheza kama wanakamua nguo. Watu wameganda. Komenti ni moto juu ya moto. Mpaka wale wa timu pinzani, ambao staa huyu hata akipiga chafya wanamzomea, safari hii wamekubali kwamba hapo kuna ubunifu.

Halafu mtu akaposti klipu ya sekunde 40, ya tangu mwaka juzi, imerekodiwa kwa simu, giza giza. Kanga kwenye kamba. Picha ya mikono inafua. Na katikati yupo dada mmoja, peke yake, anakamua.

Jina la dada linawekwa kapuni. La staa nalo linawekwa kapuni, maana likiandikwa hapa mjadala wote utageuka kuwa timu fulani dhidi ya timu fulani, na hiyo ndo njia rahisi ya kuzika jambo kibongobongo. Anayewajua anawajua.

Kilichofuata baada ya klipu ile ndo kinatia hasira. Badala ya watu kuuliza "kwani imekuwaje?", wamemvaa dada. Eti anatafuta kiki. Eti ashukuru kazi yake imeonekana. Eti kanga na kamba zipo kila uswahilini, yeye kazinunua lini? Na wale wajuaji zaidi wanasema kile alichokuwa anafanya mwaka juzi hakikuwa hata sanaa, ni mambo ya wazungu, mpaka staa alipokuja kukitengeneza kikawa kitu cha maana.

Wa kiki wajibiwe haraka waende. Klipu hakuiposti yeye. Aliiposti mtu aliyekuwepo ukumbini siku ile. Ukurasa wake dada mpaka leo upo kimya, posti ya mwisho ni ya watoto anaowafundisha kucheza Jumamosi. Mtafuta kiki gani anakaa kimya siku tisa wakati jina lake lipo mdomoni mwa mji mzima?

Wa "ashukuru katangazwa" nao waulizwe: katangazwa wapi? Nenda kasome maelezo chini ya video. Dairekta yupo. Prodyuza yupo. Aliyepaka mekapu yupo, aliyevalisha yupo, duka lililotoa viatu lipo, mwenye droni yupo. Mpaka mwenye droni! Aliyebuni uchezaji hayupo. Hiyo ni sawa na kumwambia mama ntilie ashukuru kwa kuwa pilau lake limesifiwa harusini, wakati aliyepewa sifa kwenye maiki ni mtu mwingine kabisa.

Sasa kabla hamjaendelea kumtukana, mjue mnamtukana nani.

Huyu dada ni mtoto wa upande wa Temeke. Baada ya kidato cha nne alianza kama wengi, kwenye shoo za singeli za mtaani, baadaye akaingia kwenye kundi la madansa wa video. Amecheza nyuma ya wasanii wakubwa ambao nyie mnawafuata. Mnamjua mgongo wake, sura hamuijui. Malipo yalikuwa ya siku, mara nyingi yanatolewa usiku wa manane mkiwa mnasubiri gari la kurudi, na kama lokesheni imechelewa basi siku mbili zinahesabiwa moja. Ukiumia goti, hiyo ni juu yako na mama yako.

Akiwa hukohuko ndo akaanza kuhariri video kwa simu yake mwenyewe, usiku. Alikuwa anajirekodi anacheza, kisha anajipiga ukutani kwa projekta ya kuazima, halafu anacheza tena mbele ya ukuta huo, yeye na picha yake. Wenzake walimwita chizi. Akaenda warsha za dansi, akawa anapitapita kwenye maeneo kama Nafasi Art Space, akajifunza kwamba anachokifanya kina watu wake duniani na kina majina. Hela haikuongezeka. Mpaka leo kinachomlisha ni kufundisha maharusi na wasimamizi namna ya kuingia ukumbini, na hao watoto wa Jumamosi.

Ile kazi ya kanga aliifanyia kazi karibu mwaka mzima. Mnaoiona kwenye klipu ya sekunde 40 hamjaona kitu. Onyesho lenyewe ni la dakika 45. Kanga ni saba, zote chakavu, za mama yake na za majirani, zimepauka kwa kufuliwa mpaka maandishi yake yanasomeka kwa shida. Zinaloweshwa palepale mbele ya watu. Na kulowesha sio mbwembwe. Kitambaa chepesi kikiwa kimelowa, mwanga wa projekta unapenya mpaka upande wa pili, kwa hiyo aliyekaa mbele na aliyekaa nyuma wote wanaona picha. Feni tatu kubwa zinawaka muda wote. Kanga zinavyoanza kukauka, waliokaa nyuma picha yao inafifia polepole, mpaka mwisho wanabaki wanaangalia kivuli cha mtu anayefanya kazi. Siku ile kulikuwa na watu kama 40 tu. Baadhi ya waliokaa nyuma walihama viti katikati ya onyesho kwenda mbele. Hilo nalo alilipanga, alitaka wahame.

Kwenye video ya staa kanga hazikauki. Ni mpya, nyeupe pe, hazina maandishi, na kipande chote hakifiki nusu dakika. Sawa, ni video ya muziki, haina muda wa kusubiri nguo ikauke.

Watu walioko karibu na jambo hili wanasema hivi. Mapema mwaka huu dada aliitwa kwenye kikao na watu wa video hiyo. Akaambiwa anatafutwa mtu wa kufundisha madansa, atume kazi zake zionekane. Akatuma klipu tatu kwa WhatsApp, ikiwemo ya kanga, na nyingine ndefu iliyorekodiwa vizuri. Tiki zikawa za bluu. Akaambiwa atatafutwa. Hakutafutwa.

Hapo dada alizembea, na isemwe wazi. Huwezi kutuma kazi ya mwaka mzima kwa WhatsApp kama unatuma picha ya gauni. Barua pepe yenye tarehe, mstari mmoja wa kusema hii ni kazi yangu naionyesha kwa ajili ya mazungumzo tu, ingekuwa tayari kitu. Lakini mtu kuacha mlango wazi hakumfanyi aliyeingia awe mwenye nyumba.

Sasa njoo kwenye hoja yenyewe, ile inayowapa watu likes nyingi: kanga na kamba zipo kila uswahilini.

Kweli tupu. Pita Buguruni asubuhi ya Jumapili, pita Mbagala, pita Tandale, kamba zimejaa mpaka unainama kupita. Hakuna mwenye kanga kwenye kamba. Hakuna mwenye kukamua. Angesema dada huyu kwamba kufua ni kwake, angestahili kuchekwa. Lakini hajasema hivyo, na hakuna aliyesema hivyo, mmejitungia wenyewe ili mpate cha kucheka.

Maneno ya mapenzi nayo yapo kila mtaa. Mbona ukichukua kiitikio cha mtu na melodi yake ilivyo, mashabiki mnachafua hali ya hewa? Mbona biti ikifanana sekunde nne tu mnaweka mbili pembenipembeni, mnazungushia duara jekundu? Hapo mnaelewa vizuri sana kwamba sauti ni za wote ila mpangilio una mwenyewe. Ikifika kwenye mwili wa dansa ghafla mnakuwa wajamaa, kila kitu ni cha umma.

Ukitaka kujua kama ni kanga tu au ni kazi ya mtu, ziweke klipu mbili pembenipembeni kama mnavyofanyaga kwa biti. Dada anashika ncha mbili. Anakunja kushoto mara tatu. Mkono wa kushoto unaachia. Ncha anaing'ata kwa meno, mkono wa kulia unaendelea kukamua peke yake, goti linashuka, na hapohapo kwenye picha ile mikono inainuka kutoka kwenye beseni. Akiachia meno, maji ya kwenye picha yanamwagika. Sasa rudi kwa wadada sita. Kushoto mara tatu. Mkono unaachia. Meno. Goti. Beseni. Maji.

Meno, wadau. Nani hapa anakamua nguo kwa meno?

Yupo mmoja. Mama yake dada. Mama huyu amefulia watu nguo miaka mingi, nyumba kwa nyumba, na mkono wake wa kushoto hauna nguvu tangu zamani. Akitaka kukamua kitu kizito anaing'ata ncha, anakamua kwa kulia. Ile mikono kwenye picha ni ya kwake, ilirekodiwa kwa simu uani, na ukiangalia vizuri utaona wa kulia ndo unafanya kazi yote, wa kushoto umelala tu juu ya ukingo wa beseni. Kwenye video ya staa mikono imebadilishwa, imewekwa miwili mizima yenye kucha za kubandika, inafua kwa raha. Halafu wadada sita wenye mikono yao mizima wanang'ata nguo. Kwa nini wanang'ata? Hawajui. Dairekta hajui. Walikuta inang'atwa.

Kwa hiyo hoja ya "kila uswahilini" iishie hapo. Kitu cha kila uswahilini hakina kilema cha mama wa mtu mmoja.

Na sheria haiko kimya kama mnavyodhani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inataja uchezaji uliobuniwa na mtu miongoni mwa kazi zinazolindwa, kwenye orodha moja na vitabu, muziki na filamu. Haki inaanza pale kazi inapoumbwa, sio pale unapolipia fomu. Inaishi muda wote wa maisha ya mwenye kazi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili COSOTA kunakusaidia kuwa na ushahidi siku ya ugomvi, ndiyo maana ni vizuri kusajili, lakini kutosajili hakuifanyi kazi yako kuwa jalala. Kisicholindwa ni wazo. Wazo la "kucheza na kanga" ni la kila mtu, chukua. Mpangilio wa hatua, mikono, meno, na picha inayoingia kwa wakati wake, huo sio wazo tena.

Kuna mtu ataleta habari za Marekani, za yule jamaa wa kwenye The Fresh Prince, Alfonso Ribeiro, aliyetaka kulinda ile dansi yake ya Carlton baada ya kuonekana kwenye gemu la Fortnite, na mwaka 2019 ofisi ya hakimiliki ya kule ikamkatalia. Ilete, hakuna shida. Alikataliwa kwa sababu ni hatua chache nyepesi zinazorudiwa, hazijafika kuwa kazi nzima ya uchezaji. Lakini hukohuko, mwaka 2020, JaQuel Knight, mmoja wa waliobuni uchezaji wa Single Ladies, akausajili uchezaji huo kama kazi. Tofauti unaiona. Kuyumba kiuno sekunde tatu sio mali ya mtu. Uchezaji uliopangwa mwanzo mpaka mwisho ni mali.

Na kwa kuwa mnapenda mifano ya Beyoncé, huu hapa mmoja wa kuwanyima usingizi. Mwaka 2011 alitoa video mbili ambazo zinafundisha kila kitu kuhusu jambo hili. Ya kwanza ni Run the World (Girls). Timu yake iliona mtandaoni vijana wa Msumbiji, kundi la Tofo Tofo, wanacheza kitu ambacho madansa wake walishindwa kukiiga. Wakafanyaje? Wakawatafuta mpaka wakapatikana, wakasafirishwa, wakafundisha, na wamo ndani ya video, sura zao zinaonekana. Ya pili ni Countdown. Humo kulikuwa na vipande vilivyofanana waziwazi na kazi za mbunifu wa dansi wa Ubelgiji, Anne Teresa De Keersmaeker, hasa Rosas danst Rosas ya mwaka 1983. Huyo hakuulizwa. Akasema hadharani kwamba huo ni wizi, na Beyoncé ikabidi akiri kwamba kazi ile ilikuwa moja ya vitu vilivyompa msukumo.

Staa mmoja, mwaka mmoja, njia mbili. Kwa hiyo hakuna wa kusema eti kwenye biashara kubwa haiwezekani kumtafuta mwenye kazi. Inawezekana mpaka Msumbiji. Hapa ilikuwa Temeke, na namba ya simu walikuwa nayo.

Tena yule mama wa Ubelgiji alifanya kitu cha kuwafunga mdomo wanaosema wasanii wa namna hii ni wachoyo. Mwaka 2013 aliweka mtandaoni maelekezo ya kucheza kipande kilekile cha viti, hatua kwa hatua, akakaribisha mtu yeyote duniani ajifunze, ajirekodi kivyake na kutuma. Watu wakacheza mashuleni, jikoni, barabarani. Hakuwa na tatizo na kuigwa. Alikuwa na tatizo na kufutwa.

Wanaokaa TikTok usiku kucha wanakumbuka pia ile Renegade. Aliyeibuni ni binti wa miaka 14 kutoka pande za Atlanta, Jalaiah Harmon, mwaka 2019. Ikaenda dunia nzima, wengine wakapata majina na madili kwa kuicheza, yeye akiandika kwenye komenti kwamba ni yake anaonekana muongo. Mpaka Februari 2020 gazeti kubwa la New York lilipomwandika ndo dunia ikamjua, akaitwa kuicheza kwenye wikiendi ya mastaa wa NBA. Kabla ya gazeti, alikuwa anaambiwa nini? Anatafuta kiki.

Limebaki lile la "mambo ya wazungu", na hili linachekesha kuliko yote, maana wanaolisema ndo hao wanaojiita watetezi wa utamaduni.

Kuchanganya kucheza, kuigiza, vitu vya mkononi na picha ni kwa wazungu tangu lini? Wamakonde wana mapiko, mtu anavaa kinyago kichwani, anacheza, anaigiza, watu wanacheka na kuogopa kwa wakati mmoja. Wasukuma wana Bagika na Bagalu, pande mbili zinacheza muda uleule, kila upande na vituko vyake, wengine wanacheza na chatu, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Soma hiyo tena. Watazamaji wanahama katikati ya onyesho, na kuhama kwao ni sehemu ya ngoma. Dada anawahamisha watu viti kwa kutumia kanga inayokauka, mnasema kaiga Ulaya.

Na picha ukutani? Waulizeni wazazi wenu kuhusu magari ya sinema yaliyokuwa yanafika vijijini, shuka jeupe linafungwa, kijiji kizima kinakaa chini. Au mmesahau vibanda umiza? Mmesahau Lufufu? Yule alikuwa anasimama na maiki filamu ikiwa inaendelea, anawatafsiria watu kwa Kiswahili, anawapa wahusika majina, anaongeza chumvi zake, na watu walilipa kiingilio kumsikiliza yeye kuliko kumwona Mchina wa kwenye skrini. Video na mtu hai mbele yake, jukwaa moja. Mlikuwa mnaita nini? Mlikuwa mnaita burudani, mnalipa. Leo binti anafanya hivyohivyo kwa mwili badala ya mdomo, kawa mzungu.

Ukweli ni kwamba wengi hamjawahi kuiona kazi yake, na sio kosa lenu lote. Maonyesho ya namna hii yanafanyika kumbi ndogo, mabango yake mara nyingi yanaandikwa Kiingereza, na nauli ya kutoka Mbagala kwenda Mikocheni na kurudi usiku sio mchezo. Kurasa za udaku nazo zilimwandika mara moja tu katika maisha yake yote, siku kanga aliyojifunga ilipoteleza begani akiwa jukwaani. Hiyo ndo ilikuwa habari. Dakika 45, kanga saba, mama mwenye mkono mmoja wenye nguvu, habari ikawa bega.

Turudi kwenye hela, maana wapo watakaosema ugomvi wote ni njaa.

Siku mbili baada ya klipu kusambaa, mtu wa menejimenti alifika mpaka kwa dada, kistaarabu kabisa, na soda akanunua. Akatoa bahasha ya laki tatu na karatasi moja. Kwenye karatasi imeandikwa kwamba dada anathibitisha hana dai lolote juu ya video hiyo, leo wala kesho.

"Mdogo wangu, hii ni asante tu," jamaa akasema.

"Kaka, asante haina sahihi," dada akajibu.

Jamaa akacheka, akasema hayo ni mambo ya wanasheria wao, asiyawekee maanani. Mama yake alikuwa amekaa pembeni, akauliza kama ni mambo ya kutowekea maanani kwa nini yameandikwa. Bahasha ikarudi na mwenyewe. Karatasi ilibaki.

Piga hesabu kidogo. Laki tatu ni chini ya alichotumia kukodi projekta na feni kwa mazoezi na onyesho. Video ile inaingiza hela YouTube kila siku, inaenda kwa mwenye chaneli. Kuna kampuni ya vinywaji imeweka nembo yake mwanzoni. Kipande cha kanga ndo kimekatwa kikawa tangazo la ziara ya staa. Yaani sio pambo la pembeni, ndo bidhaa yenyewe inayouza tiketi. Na dada hajaomba asilimia. Alichokiomba, kwa mujibu wa walio karibu naye, ni kwamba kwenye maelezo chini ya video uongezwe mstari mmoja wenye jina lake na jina la kazi yake, na jina la mama yake. Kuhusu malipo alisema wakae mezani wazungumze kama watu wazima, baada ya mstari, sio kabla.

Kuongeza mstari kwenye maelezo ya YouTube ni dakika moja. Hakuna haja ya kushusha video, hakuna haja ya kuhariri upya, hakuna shabiki hata mmoja atakayehama. Wameshindwa dakika moja lakini wameweza kuchapa mkataba.

Wanaojua haya mambo wanasema sababu ya ugumu sio huo mstari. Ni kwamba mstari ukiingia, kuna madansa na wabunifu wengine wa video za nyuma watauliza na wao mistari yao iko wapi. Kama hiyo ndo hofu, basi hofu hiyo ni sahihi, na waendelee kuwa nayo.

Na hao wadada sita wasiingizwe kwenye matusi. Wao walifundishwa hatua, wakacheza vizuri, wakalipwa siku yao kama yeye alivyokuwa analipwa. Mmoja wao ameshamtumia dada ujumbe kuomba radhi, akisema hata hawakuambiwa ile kitu imetoka wapi. Ukitaka wa kumuuliza, muulize aliyekuwa na ile simu yenye tiki za bluu.

Mpaka posti hii inapanda, karatasi ipo kwa dada, haijasainiwa. Alhamisi wamempigia tena, sasa wamefika laki tano, mstari bado hawautaki. Jumamosi hii anafundisha watoto kama kawaida saa nne asubuhi, na mwezi ujao anairudia kazi ya kanga, safari hii Temeke kwenyewe, uwanja wa wazi, kiingilio buku mbili, na mama yake atakaa mbele. Wanaotaka kwenda waende mapema, viti vya nyuma vina shida yake.

Komenti zipo wazi. Matusi kwa mama wa watu yatafutwa.